Mwaka Niliochambua Maumivu

Mwezi uliopita Sista Modesta alistaafu unesi, na wenzake wakamfanyia sherehe ndogo katika ukumbi ulio nyuma ya soko la Bariadi. Kadi za mwaliko nilizichapa mimi. Nilizichapa mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza mstari wa chini ulikuwa umeegemea kushoto kwa upana wa unywele. Nilijua hakuna mtu katika mkoa mzima wa Simiyu ambaye angeliona jambo hilo, na bado nilizirudia. Sista alipofika kwenye meza yetu hakunipa mkono. Alinishika kidevu, akaivuta chini ngozi ya jicho langu kwa kidole gumba na kuchungulia, mbele ya watu wote, mimi nikiwa na pilau mdomoni. "Leo hayana unjano," akasema. "Na vile vidude vyako vya Kijapani, bado unaviandika?" Nikamwambia bado. Akawageukia wageni waliokuwa karibu: "Huyu mnayemwona aliniletea maumivu yake yameandikwa daftarini, yamepangwa kama bidhaa dukani." Walicheka, wakidhani ni utani wa sherehe. Nami nilicheka, lakini nilikumbuka jinsi ilivyobaki kidogo tu nisilifikishe daftari lile mbele yake.

Mwaka wa daftari hilo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nauza steshenari mjini Bariadi, nachapa barua za watu na kutoa fotokopi, na jioni narudi kwa mama, kijijini Dutwa. Nina sikoseli, ugonjwa ambao vitabu huuita selimundu. Chembe za damu yangu hujikunja kama mundu na kukwama njiani, na pale zinapokwama panauma. Nilizaliwa nao. Kila siku ni vidonge, maji mengi, na sweta hata pale wenzangu wanapovaa fulana. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia ni jinsi ugonjwa wa namna hii unavyomfanya mtu apende vitu vinavyotii. Mwili wangu haukunitii. Naweza kulala mzima na kuamka siwezi kufunga kifungo. Kwa hiyo nilipenda pambizo zilizonyooka, vichwa vya habari vilivyokaa katikati, na kalamu zilizopangwa kwa rangi. Wateja walinisifu kwa unadhifu. Sikuwaambia kwamba ulikuwa woga.

Kijapani kilinijia kupitia gari. Baba mdogo Masunga alikuwa na mchomoko, kile kigari kidogo kilichotembea Japani miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu, na alibeba abiria kati ya Dutwa na Bariadi. Kila alipowasha, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi, sauti ya adabu, isiyo na haraka, ikasema sentensi moja ya Kijapani na kunyamaza. Kwetu salamu haipiti bila kuitikiwa. Abiria wapya walishtuka, lakini wale wa kila siku walishazoea, yule mwanamke akimaliza tu, gari zima linaitika "Mwangaluka!", kama tunavyosalimiana asubuhi kwa Kisukuma. Kulikuwa na bibi mmoja muuza karanga aliyekuwa akiinamisha na kichwa. Siku moja kijana wa mjini akacheka. "Dada wa watu anatusalimia kila siku," bibi akamwambia, "wewe kwenu hamkufundishwa?" Baba mdogo, kwa upande wake, aliwaeleza abiria kwamba yule mama anawatakia safari njema na ulinzi wa Mungu, na nadhani ndiyo maana gari lake lilijaa kabla ya mengine.

Nilitaka kujua anasema nini. Ndiyo sababu yote. Sikuwa na mpango wa kwenda Japani, wala sikuwa nimewahi kukutana na Mjapani. Nilipakua masomo kwenye simu, nikanunua kauntabuku, nikaanza na zile herufi zao nyepesi zinazofanana na nyayo za ndege kwenye tope. Miezi mitatu ilipita kabla sijaweza kuikata ile sentensi vipande vipande na kukitambua kila kipande. Asubuhi hiyo nilikaa kiti cha mbele, gari likawaka, mwanamke akasema, na kwa mara ya kwanza haikuwa sauti tu. Nilisubiri abiria washuke pale stendi ndipo nikamwambia baba mdogo.

"Anasema kadi haijaingizwa."

"Kadi gani?"

"Kuna kadi wanatumia huko kwao kupita kwenye barabara kubwa. Anakumbusha kwamba haimo."

Aliitazama dashibodi kama mtu aliyepewa habari mbaya za shemeji yake. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Basi usiwaambie abiria," akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Na yule bibi wa karanga, huyo usimwambie kabisa."

Ungedhani nilivunjika moyo. Hapana, nilikaa kwenye kiti changu dukani asubuhi nzima nikiwa kama mtu aliyetoka kanisani. Mahali fulani, katika chumba fulani, mwanamke nisiyemjua alisimama akaitamka ile sentensi kwa upole wote huo kwa ajili ya madereva asiowajua, na sauti yake ikavuka bahari, ikapita kwenye vumbi la Dutwa, ikawakuta wakulima wa pamba wakiwa na madebe ya mahindi mapajani. Na kati ya wote waliomwitikia, mimi peke yangu nilikuwa nimemwelewa.

Baada ya hapo sikushikika. Nilijiwekea sheria: kila siku herufi tano za zile ngumu, zile zenye mistari kumi na mbili ndani ya kijumba kimoja, kila moja mara mia, na hakuna siku kuruka. Mstari mmoja ukipinda, nachana ukurasa. Nakiri kwamba nilichana kurasa zenye kazi nzuri ya saa mbili kwa ajili ya nukta moja iliyokaa chini kidogo. Nakiri pia kwamba nilihesabu siku zangu bila kuruka kama mtu anayehesabu siku za nadhiri, na kwamba moyoni nilikuwa nimeanza kuamini jambo la kijinga, jambo nisilomwambia mtu: kwamba nikimaliza mwaka mzima bila kukosa hata siku moja, mwili nao utaona aibu na kunyooka.

Kuanzia mwezi wa sita sebule yetu haikuwa tena sebule. Pamba ilirundikwa ndani mpaka usawa wa dirisha, ikisubiri kupelekwa kupimwa, na harufu yake kavu yenye mafuta kidogo ilitulia kwenye nguo na kwenye chakula. Meza yangu ilisukumwa kwenye pembe. Mama na jirani zake wawili walikaa kwenye mkeka wakichambua: nyeupe kabisa huku, ndiyo safi, yenye madoa, majani au udongo kule, ndiyo fifi. Mikono yao ilienda bila macho. Katikati yao kulikuwa na sinia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vimechemshwa na karanga, na walikula kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usisimame. Nilikuwa nawapa mgongo nikiandika, na walinizungumzia kana kwamba kisogo hakina masikio.

"Huyu binti yako anaandika nini?"

"Kijapani."

"Anaenda Japani?"

"Haendi."

"Ana mchumba Mjapani?"

"Angekuwa naye ungenikuta nachambua pamba hapa na wewe?"

"Sasa?"

"Sasa anaandika," mama akasema. "Wewe kula."

Ilikuwa katika wiki hizo nilipokutana na lile somo. Lilikuwa limewekwa pembeni, si la lazima, lenye kichwa kinachosema jinsi ya kujieleza kwa daktari. Nilifikiri nitakuta neno moja la kuumwa. Nikakuta orodha. Kuna zukizuki, maumivu yanayopiga pamoja na moyo. Kuna chikuchiku, ya sindano ndogondogo nyingi. Kuna kirikiri, yanayoingia na kujizungusha kama keekee kwenye mbao. Kuna jinjin, ya kiungo kinachowaka na kufa ganzi kwa pamoja. Kuna shikushiku, yasiyo makali lakini hayaondoki, na ni sauti hiyohiyo wanayoitumia kwa mtu anayelia chinichini. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeumwa kwa miaka ishirini na sita na nilikuwa na neno moja, "inauma", na kipimo kimoja, "sana". Na huko mbali watu walikuwa wamekaa na maumivu yao kwa subira kiasi cha kuyapa kila moja jina, tena majina yanayotikisika mdomoni kama maumivu yenyewe. Nililia kidogo, nikijifanya ni vumbi la pamba. Nilichohisi ni kama mtu aliyekaa nyumba moja maisha yake yote, akafunguliwa mlango na kuoneshwa kwamba ina vyumba.

Nikaanza daftari jingine. Kila maumivu yalipokuja niliyaandika: saa, mahali, aina. Na sikuishia kwa Kijapani, kwa sababu nilipoandika zukizuki mkono wenyewe uliongeza pembeni "yanapwita", na kwenye kirikiri ukaongeza "yanakeketa". Kuwanga, kusokota, kuchonyota. Maneno ya nyumbani yalikuwapo muda wote. Sikuwa nimewahi kuyatumia kwa sababu nyumbani hatuyasemi maumivu. Mtu akikuuliza hali, unajibu "mhola," salama. Hata kama kuna msiba ndani, kwanza ni mhola, halafu ndipo polepole, ukiulizwa tena, unasema kilichopo. Na mimi ile "halafu" nilikuwa nimeiacha kabisa. Mama aliliona daftari siku moja wakati nafagia. Anajua kusoma, alilipitia ukurasa mzima akisogeza kidole. Nilitazamia anionee huruma, kitu ninachokiogopa kuliko sindano. "Huku yapigayo, huku yachomayo," akasema. "Kumbe unachambua." Akalirudisha mezani, akalinyoosha lisikae upande.

Mwezi wa saba baridi ya asubuhi ilikuja na upepo. Nilikuwa na siku mia moja na tisini bila kuruka. Maumivu yalianza miguuni, yakapanda kiunoni, na yote nilikuwa na majina yake, kwa hiyo nilijiona hodari. Nikanywa maji, nikameza dawa za kutuliza, nikaenda kazini siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu nilibaki nyumbani nikamwambia mama nina mafua. Hapa ndipo ninapoona aibu. Nilijua kwamba nikisema ukweli atanipeleka hospitali, na hospitalini nitawekewa dripu kwenye mkono, na mkono wenye dripu hauandiki. Nilikuwa nalinda siku mia moja na tisini na mbili. Mama alikuwa peke yake kwenye mkeka siku hiyo. Kila baada ya muda aliuliza bila kuinua kichwa, "Mhola?" nami nikajibu bila kugeuka, "Mhola duhu, mayu," salama tu, mama. Nilikuwa na homa, na wino ulikuwa unacheza machoni.

Karibu saa sita mchana kilikuja kitu kifuani, upande wa kulia chini ya titi. Nikavuta daftari la pili nikiandike. Saa, mahali, aina. Kwenye aina nikakwama. Si zukizuki, hakikufuata moyo. Si kirikiri, hakikujizungusha. Kilikuwa hakipo kabisa mpaka nivute pumzi, na hapo kilikuja kama mtu aliyekuwa akinisubiri mlangoni na kisu. Nikivuta kidogo, kinachoma kidogo. Nikivuta zaidi, kinanikata pumzi katikati. Nikarudi kwenye ile orodha. Nikatafuta nyingine. Ninyi mnaosoma mtashangaa, lakini nilikaa karibu saa nzima, napumua kwa vipande kama mtoto aliyetoka kulia, nikitafuta neno lililo sahihi, kwa sababu sikuweza kuvumilia nafasi tupu kwenye safu yangu. Na ile nafasi tupu ndiyo iliyonishtua hatimaye. Nilipitisha jicho juu ya kurasa zote, wiki hadi wiki, mistari safi iliyonyooka, na nikaona kwamba kitu hiki hakikuwa kimewahi kuingia humo. Hata mara moja. Maumivu yangu nilikuwa nayajua yote sasa, na huyu alikuwa mgeni.

"Mhola?" mama aliuliza kutoka kwenye mkeka.

Nilifungua mdomo na jibu lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia. Ilibidi nilizuie kama unavyomzuia ng'ombe anayejua kwake. "Hapana, mayu," nikasema. "Hakuna mhola."

Sijawahi kusikia mtu akijibu hivyo, si kabla wala baada. Mama alisimama na pamba ikamdondoka mapajani, safi na fifi pamoja. Hakuuliza la pili. Alitoka nje akaliita jina la shemeji yake kwa sauti ambayo nadhani ilisikika barabarani, na baba mdogo akaja na gari likiwa na abiria ndani. Akawaomba washuke. Walishuka wote, na mmoja wao akanivua kandambili zangu zilizojaa udongo akanishikisha mkononi, sijui kwa nini.

Hospitalini Bariadi, mapokezi alikuwa Sista Modesta. Alikuwa ananijua tangu nikiwa na sare za shule. "Umerudi, mama," akasema, akinivuta jicho. "Sikoseli. Mifupa, kama kawaida?" Ningeitikia tu. Ilikuwa rahisi, ilikuwa adabu, foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, na hakuna kosa lolote kwake, kwani mara zote nilizowahi kuja nilikuwa nimesema hivyohivyo. Nikalitoa daftari.

"Sista, uchungu huu siyo ule."

"Siyo upi?"

"Ule wa kila siku ni huu." Nikamwonesha. "Unapiga, uko mguuni, umeandikwa mara arobaini. Huu ni huu hapa. Uko kifuani, ukivuta pumzi ndipo unakuja. Haupo popote nyuma. Angalia, haupo."

"Na hivi vidude?"

"Kijapani."

"Yesu wangu," akasema, lakini hakucheka. Alifunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake, akirudi mpaka mwanzo. Kisha akanibana kidole kwa kile kifaa cha kupima hewa ya damu, akakitazama, akakifuta kwenye gauni lake, akanibana tena. Ndipo akamwita daktari kwa sauti iliyowafanya watu waliokuwa kwenye foleni wasogee wenyewe. Mapafu yalikuwa yameshikwa. Nilikaa wodini siku tisa, hewa ya mtungi puani, na chupa mbili za damu ya watu nisiowajua zikiingia mkononi tone kwa tone. Sista alikuja siku ya tatu akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Ungeniambia mifupa ningekupa dripu na sindano, nikakulaza kule mwisho usubiri," akasema. "Na sijui ungesubiri mpaka lini." Kwenye daftari la herufi siku mia moja na tisini na tatu haikuandikwa, wala iliyofuata. Nilikuwa nalitazama dari la wodi nikitegemea niumie kwa ajili hiyo, na sikuumia. Pumzi iliingia, ikatoka. Nilishangaa tu jinsi inavyojua njia.

Mama alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu siku zote tisa, na mchana aliketi kwenye stuli akiniletea uji. Siku ya saba, kulipokuwa kimya baada ya chakula, akalichukua lile daftari kutoka kwenye kabati dogo, akalifungua mahali popote, akalifunga.

"Hao Wajapani," akasema, "wana neno la mgongo?"

"La mgongo gani, mayu?"

"Wa mtu."

"Wa nani?"

Akatazama mlangoni. Kisha akageuka kwenye stuli, akaushika mkono wangu usio na dripu, akauweka kiunoni mwake, kushoto, juu kidogo ya mkunjo wa kanga. Pale chini ya vidole vyangu palikuwa pagumu kama kigogo. Sikuwa nimewahi kupagusa.

"Tangu lini?"

"Kabla yako."

Nilimwuliza kama daktari alivyoniuliza mimi: unaumaje? "Asubuhi ni ngozi mbichi," akasema taratibu, akilitafuta kila neno. "Ile inayowambwa kwenye vigingi. Inalegea, unaweza kuinama nayo. Jua likipanda inakauka. Inakaza, inavuta huku na huku, mpaka jioni ukiigonga inalia."

Nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Mwandiko ulitoka kama wa mtoto wa chekechea, nikaendelea nao. "Ngozi ya mbuzi?"

"Ya mbuzi ni laini," mama akasema. "Ya ng'ombe. Andika vizuri."